Mrushaji au mdakaji? Fomu niliyojaza juu ya dogo wetu

Wiki hii zamu ni yangu. Wengi mlitegemea niandike tena juu ya foleni ya sabuni, lakini kuna jambo lingine liko kichwani mwangu tangu mwezi wa tano na halitoki. Ni habari ya mtoto mmoja, kiwiko chake, na karatasi ya kurasa mbili ambayo niliombwa kuijaza.

Jina lake siandiki. Ni mtoto, na semina za ulinzi wa watoto nimekaa nyingi mpaka naota. Nitamwita dogo, ndivyo tunavyomwita uwanjani.

Kwanza niseme kuhusu besiboli yenyewe, kwa sababu najua kuna watu washaanza kucheka. Hapa settlement kila mtu ni mpira wa miguu, na mimi pia. Lakini miaka miwili iliyopita zilikuja gunia mbili za vifaa: glavu kumi na moja, magongo manne, mipira, na maski moja ya chuma. Hakuna aliyejua ni vya nini. Glavu ya kwanza niliikuta kwa mama mmoja, anashikia sufuria ya maharage ikiwa motoni, na kusema kweli ilikuwa inamfaa. Mimi kama volontea wa michezo nikaambiwa, wewe si umesoma, tafuta namna. Nikatafuta. Nilijifunza kwa video, usiku, wakati bando ni rahisi, na kwa mwalimu mmoja Mganda ambaye alicheza alipokuwa shule.

Ndiye aliyeniambia kwamba Uganda si wageni kwenye mchezo huu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walifika Williamsport kule Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya watoto ya Little League, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale. Mwaka mmoja kabla yake, 2011, timu nyingine ya Uganda ilishinda nafasi hiyo hiyo ikabaki nyumbani. Walinyimwa viza kwa sababu karatasi za umri za baadhi ya watoto hazikulingana. Hiyo habari ya 2011 niliisikia nikaipita. Nitairudia.

Sasa mwezi wa tano kocha mmoja wa upande wa Kampala aliniandikia. Anazunguka kutafuta watoto, na kuna shule inayotoa nafasi ya kusoma kwa mtoto anayecheza vizuri. Kusoma, kulala, kula, yote. Mnajua hiyo ni nini kwa mtoto wa huku. Akaniambia, kama una mtu mmoja, mmoja tu, nijazie fomu, mwisho wa mwezi wa sita nitapita kumuona.

Mtu mmoja ninaye, nikamjibu kabla sijafikiri.

Fomu ilikuwa na mistari mitano, ile mitano ambayo watafutaji wa vipaji wa Marekani wanaitumia kila siku: kupiga mpira, nguvu ya kuupiga mbali, mbio, kudaka, na mkono. Kila mstari unapewa namba kati ya 20 na 80. Na kuna safu mbili, sasa na baadaye. Safu ya kwanza unaandika mtoto alivyo leo. Safu ya pili unaandika atakavyokuwa akiwa mtu mzima. Chini kabisa kuna mstari mmoja peke yake: nafasi yake ya baadaye uwanjani.

Mimi kwenye mkono nikaandika 70. Kocha akanirudishia ile picha ya fomu na ujumbe mfupi: 50 ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu ya Marekani, 70 ni mtu anayelipwa mamilioni, huyu ni mtoto, anza tena kutoka 20. Nilisikia haya, peke yangu, chini ya mwembe.

Basi nikaanza tena, na safari hii nikatazama. Nilikuwa nimekaa na huyu mtoto miaka miwili nikimshangilia tu, sijawahi kumtazama.

Mbio zake ni za kawaida. Hatua tatu za kwanza ni moto, baadaye watoto wengine wanampita. Nguvu ya kupiga mbali hana, mpira wake unakufa karibu. Lakini macho anayo. Watoto wetu karibu wote wanarusha gongo kwa kila kinachokuja, hata mpira unaopita juu ya kichwa. Dogo anauacha. Anasimama, anautazama unapita, anamwangalia mwamuzi kama mtu anayesubiri chenji yake. Kumfundisha mtoto kupiga inawezekana, kumfundisha kutopiga ni kazi kubwa zaidi, mimi nimejaribu nimeshindwa.

Mkono ndio watu wote wanaouona. Mashine ya kupima kasi hatuna. Nilichukua video kwa simu, picha 30 kwa sekunde, nikahesabu picha moja moja tangu mpira unapotoka mkononi mpaka unapogonga glavu. Picha 19. Kutoka kwa mrushaji mpaka kwa mpigaji kwenye uwanja wa watoto ni kama mita 14. Ukigawa unapata karibu kilomita 80 kwa saa, ongeza kidogo, punguza kidogo. Nikafurahi. Halafu nikaanza kusoma, na nikakuta kwamba kasi hiyo kwa mtoto wa miaka 14 ni ndogo. Kwa mtoto wa miaka 12 ni kasi nzuri tu ya mtoto aliyefundishwa vizuri, na huyu hakufundishwa na mtu, alifundishwa na mimi.

Karatasi ya dogo inasema ana miaka 14.

Kuna kitu kingine ambacho fomu haina mstari wake. Mnisamehe, hapa nitakaa kidogo.

Mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, amevaa maski. Watu wanadhani kazi yake ni kurudisha mipira iliyopita. Lakini kati ya wachezaji tisa walioko uwanjani, wanane wanatazama upande mmoja, yeye peke yake anatazama upande mwingine. Wanane wanamuona yeye, yeye anawaona wanane. Anamwambia mrushaji mpira uende wapi, anawapanga wa nyuma, anakumbuka nani yuko besi gani na nani ana tabia ya kuiba besi. Ni kama kipa, ila kipa anayegusa kila mpira.

Siku moja mdakaji wetu alikuwa na malaria, nikamweka dogo pale kwa kukosa mtu. Timu yetu mnaijua ilivyo: besi ya kwanza ni Msomali, mrushaji wa pili ni Mrundi, shotistopu ni Mnyarwanda, wengine ni sisi wa Kivu. Mimi nikiwa pembeni napiga kelele kwa Kiswahili na Kiingereza, nusu hawanisikii na nusu hawanielewi. Dogo ana Kiswahili, ana Kinyabwisha, Kirundi anakivunjavunja lakini kinasikika, na Kisomali ana maneno sita, matatu ni matusi. Dakika ishirini hivi, uwanja ukanyamaza. Simaanishi hawakuongea. Namaanisha kila mtu alikuwa anajua asimame wapi. Mtoto wa upande wa pili akajaribu kuiba besi ya pili, dogo akainuka na kutupa kwa mwendo mmoja, mpira ukafika pale chini kabisa, kwenye glavu, mtoto bado yuko njiani. Mpira hata haukuwa na kasi kubwa. Ulikuwa umefika mahali pake, basi.

Nikaandika kwenye daftari siku ile: mdakaji? Na alama ya kuuliza. Wiki iliyofuata mdakaji wetu alipona, nikamrudisha dogo kurusha, kwa sababu akirusha tunashinda. Mtasema kocha gani huyu. Ndiyo, ni huyo.

Tufike kwenye ile Jumamosi.

Tulikuwa na mechi mbili siku moja. Ya kwanza dogo alirusha mwanzo mpaka mwisho. Ya pili nilimweka mdakaji kwanza, apumzike, eti apumzike, halafu mambo yalipoharibika nikamrudisha kurusha. Tulishinda zote mbili. Vijana walinibeba mabegani na picha mliziona, wengi mliweka moyo.

Binti anayetuandikia matokeo huwa anaweka nukta moja kwa kila mpira unaorushwa. Ni utaratibu wake mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Jumatatu ndiyo nilihesabu zile nukta. Mechi ya kwanza 61, ya pili 57. Jumla 118.

Little League wana sheria juu ya hesabu hiyo tangu 2007. Mtoto wa miaka 11 na 12 asipite mipira 85 kwa siku, wa 13 mpaka 16 asipite 95. Mtoto wa miaka 14 kushuka chini akirusha 66 au zaidi apumzike siku nne. Na akishapita 40, siku hiyo asikae mdakaji, kwa sababu mdakaji naye anatupa muda wote, kila mpira anaurudisha. Mimi nilizivunja karibu zote kwa Jumamosi moja. Na siwezi kusema sikujua. Nilikuwa nimeona video juu ya jambo hilo. Nilisema moyoni, hizi ni sheria za watoto wa Marekani, wanaopelekwa mazoezi kwa gari, watoto wetu wana mikono ya jembe.

Jumatatu hiyo hiyo jioni nikamkuta kwenye bomba la maji. Dogo anatumia mkono wa kulia kwa kila kitu. Alikuwa amebeba jerikeni kwa mkono wa kushoto, na wa kulia umekunjwa tumboni kama mtu aliyeshika kifaranga.

“Mukono unauma?”

“Hapana kocha. Iko sawa.”

“Nyoosha basi.”

Hakunyoosha.

Kituo cha afya muuguzi alimbonyeza sehemu ya ndani ya kiwiko, dogo akaruka. Akatueleza kwamba mtoto anayekua, mfupa wake bado una sehemu laini ambayo haijafunga, na kutupa kwa nguvu mara nyingi kunaivuta ile sehemu mpaka inavimba, na ukiendelea inaweza kuachana. Wiki sita asitupe kitu. Dogo akauliza, hata jiwe? Hata jiwe. Hata embe? Muuguzi akacheka lakini hakubadilisha jibu. Halafu akaniuliza mimi, ana miaka mingapi? Nikasema 14. Akamtazama mikono, akamtazama meno, akaandika 14, lakini kalamu yake ilisita kidogo na mimi niliiona.

Hiyo kalamu ndiyo ilinipeleka kwa mama yake.

Nilienda kuomba msamaha, kwanza. Alinipa kiti, akanipa chai, akaniacha nimalize kuongea. Halafu akasema, “Papa, uyu mutoto si wa miaka kumi na nne.”

Walifika Uganda mwaka 2014. Siku ya kuandikishwa mama alikuwa kwenye hema la wagonjwa na mtoto mwingine, aliyejibu maswali ni mjomba. Mjomba aliulizwa mtoto huyu ana miaka mingapi, akakisia, mitatu. Wakatoa miaka mitatu, ikatoka 2011, na kwa kuwa tarehe haijulikani wakaandika kama wanavyotuandikia wengi wetu, tarehe moja mwezi wa kwanza. Ukisimama kwenye foleni ya chakula hapa ukauliza nani alizaliwa 01/01, nusu ya foleni watanyoosha mkono. Tunasherehekea pamoja na mwaka mpya, inapunguza gharama.

“Wewe unakumbuka alizaliwa lini, mama?”

“Nisikumbuke namna gani? Alikuwa na siku tatu wakati tulikimbia Sake. Goma ilikuwa imeanguka.”

Goma ilianguka mikononi mwa M23 tarehe 20 Novemba 2012, na Sake ikafuata siku moja au mbili baadaye. Mimi mwenyewe nilikuwa darasa la tano na hiyo wiki ninayo mwilini. Kwa hiyo dogo alizaliwa katikati ya Novemba 2012. Leo hii nikiandika hajatimiza 13.

Nilirudi nyumbani nikachukua ile fomu, na kila nilichokuwa nimeandika kikageuka. Kasi ya kilomita 80 si ndogo tena. Umbo lake dogo lilikuwa limenifanya niamini hatakuwa mrefu. Sasa amebakiza karibu miaka miwili zaidi ya kukua kuliko nilivyofikiri. Ila mama yake ni mfupi, mjomba ni mfupi, na baba, kwa wanaomkumbuka, alikuwa mpana kuliko mrefu. Warushaji wa juu wengi ni watu warefu. Mdakaji anaweza kuwa mfupi mwenye miguu imara, na miguu ya dogo imejengwa na jerikeni za lita ishirini na mlima wa kwao. Na ile mipira 118 nikaisoma upya. Ilitoka kwenye mkono wa miaka 12.

Sasa niandike nini?

Niliuliza wenzangu wawili. Mmoja akasema andika miaka 12, usitaje karatasi, kocha akisikia 12 na kasi hiyo atamchukua kesho. Mwingine akasema andika 14 kama karatasi, usijitafutie kesi, na kiwiko acha, wiki sita zitakuwa zimeisha, kwani kocha ni daktari? Wote wawili wananipenda na wanampenda dogo. Usiku nikakumbuka ile timu ya 2011. Walishinda uwanjani, wakapotezwa na tarehe kwenye karatasi. Mwezi wa kwanza 2012 watoto wa Langley, Canada, ambao walikuwa wacheze nao kule Marekani, walipanda ndege wakaja wenyewe Uganda kucheza ile mechi. Ni habari nzuri, lakini Williamsport haikuja nao.

Mtoto anayesema ana miaka michache kuliko karatasi, hakuna anayemwamini. Dunia nzima ya michezo imeshadanganywa hivyo mara nyingi. Ukweli wa dogo unafanana kabisa na uongo, hilo ndilo lilinichosha zaidi.

Nikaandika yote. Karatasi inasema 01/01/2011. Mama anasema Novemba 2012, na hii ndiyo sababu yake. Kiwiko cha kulia, mapumziko ya wiki sita, kosa la kocha, mipira 118 kwa siku moja. Mkono, sasa 25. Kudaka, sasa 30. Kwenye safu ya pili nilikaa siku nyingi, nikaandika mkono 50, kudaka 55, kupiga 45, mbio 40, nguvu 35. Namba hizo ni za mtu aliyesoma mpaka kidato cha nne na kujifunza kwa simu, mnaojua zaidi nirekebisheni. Nafasi ya baadaye: mdakaji. Mwaka huu: besi ya kwanza, pale ambapo unadaka sana na kutupa kidogo, asianze kudaka nyuma mpaka kiwiko kipone, kwa sababu kumtoa kwenye kurusha na kumpeleka kuchuchumaa mara moja ni kuhamisha maumivu tu.

Kumwambia yeye ilikuwa ngumu kuliko kuandika.

“Miye sitaki kule nyuma,” alisema. “Ile ni kuchuchumaa kama mama anapika. Miye nataka kurusha kama Matoma.”

David Matoma ni kijana wa Uganda, mrushaji, alisaini na Pittsburgh Pirates. Kabla yake wengine wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walisaini na Dodgers mwaka 2022, nao warushaji. Kwa hiyo watoto wetu wanafikiri mlango wa Marekani ni mmoja. Nikajaribu kumweleza kwamba watu wanabadilishwa nafasi na maisha yanaendelea. Nikampa mfano wa Mariano Rivera wa Panama, alianza kama shotistopu, wakambadilisha, akamaliza na rekodi ya kufunga mechi 652.

“Wakamubadilisha kuwa nini?”

“Mrushaji.”

“Unaona?”

Nikajaribu Kenley Jansen wa Curaçao. Huyu alikuwa mdakaji kabisa, miaka mingi. Halafu 2009 wakamfanya, hapa nikasita, mrushaji. Dogo alicheka mpaka akashika kiwiko. Mimi pia. Ningekuwa na akili ningeanza na Jorge Posada, aliyetoka besi ya pili wakampeleka kudaka akakaa hapo na Yankees miaka yake yote, lakini Posada nilimkumbuka usiku.

Ila baada ya kucheka nikamwambia kitu ambacho ninakiamini. Jansen alifika miaka 21 akiwa mdakaji, na mkono wake ulikuwa bado upo. Huo wa kwako nataka uwepo ukiwa na 21. Ukitaka kurusha wakati huo, utarusha. Na nikamtajia Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kuzaliwa barani kwetu na kucheza ligi kuu ya Marekani, tarehe 26 Aprili 2017, baada ya karibu miaka tisa kwenye ligi ndogo. Si kwa kupiga sana, si kwa kurusha. Kwa mikono ya kudaka. Dogo akauliza, miaka tisa? Nikasema tisa. Akanyamaza, akaondoka.

Kocha alikuja mwisho wa mwezi wa sita kama alivyosema. Aliisoma fomu amesimama kando ya pikipiki, hajavua kofia. Akaomba kuona daftari la nukta, akamsalimia yule binti kwa heshima kama mtu mzima. Dogo hakuruhusiwa kutupa, kwa hiyo kocha akamvalisha ile maski, akamchuchumaza, akamrushia yeye mwenyewe mipira, dakika ishirini, mingine akiitupa makusudi kwenye vumbi. Dogo aliizuia kwa kifua, kwa mapaja, mmoja kwa kidevu. Hakutupa hata mmoja kurudisha. Aliiviringisha chini kwa mkono wa kushoto kila mara, bila kukumbushwa.

Halafu kocha akanivuta pembeni. Akasema miguu ni ya mdakaji, anaiona. Akasema mtoto asiyefumba macho mpira ukiruka kutoka ardhini ni wachache. Akasema pia kwamba shule haiwezi kupokea mtoto mwenye umri wa namna mbili na kiwiko kinachouma, na nafasi ya mwaka huu ataipeleka kwa mtoto mwingine, wa settlement nyingine. Mwezi wa kumi na mbili atapita tena. Kama karatasi imerekebishwa na kiwiko kimepona, atamtazama kama mdakaji.

Dogo hakuniongelesha wiki mbili. Wiki ya tatu alikuja mazoezini, akasimama besi ya kwanza nilipomwonyesha, akadaka kila kitu. Tulipokuwa tunakusanya vifaa akasema, bila hasira, “Kocha, kama haungeandika ile ya kiwiko.” Hakumaliza. Mimi pia sina namna ya kuimalizia. Labda angekuwa shuleni sasa hivi, anakula mara tatu kwa siku, na mkono ungevunjika mwaka ujao. Labda usingevunjika. Yeye ndiye aliyelipa mipira yangu 118, na mimi bado nina picha ya kubebwa mabegani. Nimeitoa kwenye ukurasa wangu, kwa wale waliouliza.

Jambo moja zaidi. Sasa hivi daftari la nukta wanalishika wawili, yule binti na dogo. Jumatano mrushaji wetu mpya, mtoto wa miaka kumi, alikuwa anawaka kweli kweli, na dogo akatoka besi ya kwanza katikati ya mchezo, akaenda kumgonga begani. “Umefika hamsini. Toka.” Mtoto akabisha, akaja kwangu kushtaki. Little League wanaruhusu 75 kwa umri wake, nilikuwa naijua hiyo namba. Nikamwambia dogo ndiye mwenye daftari.

Kuhusu karatasi, mama anaogopa. Anasema akienda kubadilisha umri watamwambia alidanganya tangu mwanzo, na wakianza kuchunguza mtoto mmoja watachunguza nyumba nzima. Nyinyi wa mashirika mnaotusoma, kama kuna mtu anaijua njia ya kurekebisha tarehe bila mama kuonekana mwongo, niandikie kando, si hapa hadharani. Miadi yake ofisini ni Jumanne saa tatu asubuhi. Nitaenda naye kutafsiri.